Ile tiyo ndogo ya motere: historia ambayo mafundi wetu wanaiziba

Leo siongelei siasa. Naongelea ile tiyo inayotoka juu ya motere na kuingia kwenye njia ya hewa. Mafundi wengi wa kwetu wakiona inatema mafuta, wanaikata ao kuiziba. Mimi naona wanaionea bure.

Kila motere inavujisha, hata mpya. Petroli ikiwaka, sehemu ya gesi inapita pembeni ya ringi za pistoni na kushuka mu kartere, pale chini mafuta yanapokaa. Gesi ile iko na mvuke wa maji, asidi, na petroli ambayo haikuungua. Ikibaki mule, mafuta yanageuka tope na presha inayasukuma nje kupitia sili. Watengenezaji wa zamani walichagua njia rahisi: tiyo moja kuelekea chini, upepo wa barabara uvute moshi. Gari likisimama hakuna kinachovutwa, na likitembea, moshi ni wa wapita njia.

Mu miaka ya 1940 Los Angeles ikaanza kufunikwa na ukungu unaochoma macho. Watu wakashutumu viwanda. Arie Haagen-Smit, mwanakemia Mholanzi aliyefundisha Caltech, njo alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni vikipigwa na jua vinazaa ukungu ule. Makampuni ya magari yalibisha. Tena wote walikuwa wanatazama ekzosi tu! Ilifika 1959 ndipo ikaonekana wazi kwamba karibu asilimia 20 ya petroli isiyoungua inatoka mu kartere.

Dawa yake ilikuwa ya bei ndogo: supape inayorudisha gesi kwenye njia ya hewa ili iungue. Magari mapya ya 1961 yaliyouzwa California yalikuwa nayo, na ya 1963 Marekani yote. Kinachonikasirisha ni hiki: jeep za kijeshi za Vita Kuu ya Pili zilikuwa nayo tayari. Kwa askari iliwezekana, kwa raia wakangojea karibu miaka 20.

Halafu turbo. Oldsmobile Jetfire ilitoka 1962, na hapo mambo yakageuka. Supape inaishi kwa mvuto wa hewa. Turbo ikisukuma, mvuto unakuwa presha, na hewa ingerudi mu kartere. Basi ikawekwa supape ya njia moja, pamoja na tiyo ya pili inayofika mbele ya turbo, mahali ambapo mvuto upo bado. Dizeli za turbo zinatumia ile ya pili tu, juu kwa kawaida hazina mvuto mwingine. Lakini mvuke wa mafuta sasa unapita ndani ya turbo na kuganda mu intakula. Njo maana kuna chombo cha kutenganisha mafuta na gesi. Kikiziba, presha ya kartere inapanda, mafuta ya turbo yanashindwa kushuka, na turbo inaanza kuvuja hata kama ni nzima.

Hapo mwenye gari anaambiwa: turbo imekufa, leta pesa. Analeta, turbo nyingine inafungwa, tiyo inabaki imezibwa, na ile mpya nayo inaanza kuvuja.