Pomboo wa Kizimkazi: kutoka chambo hadi picha

Nilikuwa Unguja kikazi, na siku ya mapumziko nikapanda daladala hadi Kizimkazi, kusini kabisa mwa kisiwa. Gazetini nimepewa aya tano tu, kwa hiyo mengine nayamwaga hapa.

Nilimkuta mzee mmoja nahodha akiziba boti yake kwa pamba. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kuhusu pomboo. Akacheka. "Mwanangu, zamani tukimwona pomboo tulikuwa tukishika chusa. Siku hizi akionekana, wageni washika simu."

Hakunitania. Kwa miaka mingi wavuvi wa hapa waliwaua pomboo kwa chusa na nyavu, nyama yao ikawa chambo cha papa na mafuta yao yakapakwa kwenye vyombo. Watalii wakaanza kuletwa mwaka 1992. Kwa miaka kadhaa mambo hayo mawili yakaenda pamoja katika maji yale yale, hadi uwindaji ulipokoma mwaka 1996. Aliyewaacha hai si mahubiri wala sheria. Ni hesabu: pomboo mmoja aliye hai hulipiwa leo, kesho na keshokutwa, wakati chambo huliwa mara moja.

Hesabu kama hiyo si ngeni Zanzibar. Katika miaka ya 1830 na 1840, enzi za Seyyid Said, meli za Wamarekani za kuwinda nyangumi zilitia nanga hapa kuchukua maji na chakula. Mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa zao kwao. Kijana mmoja, J. Ross Browne, alichoshwa na maisha ya meli hizo akaiacha yake Zanzibar, na kitabu chake cha mwaka 1846 kikaeleza jinsi mabaharia walivyoteswa. Mafuta ya taa ya ardhini yalipopatikana kwa wingi baada ya 1859, soko la mafuta ya nyangumi likaanza kuporomoka. Hata hivyo, karne ya 20 ilikuja na meli za injini na mizinga ya chusa, na nyangumi wengi zaidi wakauawa kuliko zamani. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ikatangazwa hifadhi ya nyangumi. Mwaka 1982 uwindaji wa biashara ukapigwa marufuku, kuanzia 1986. Tanzania ilijiunga na tume inayosimamia mambo hayo mwaka 2008.

Sasa nirudi kwenye boti, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Tulipowaona pomboo, tayari boti nyingine sita zilikuwa zimewazunguka. Walipozama, injini zikanguruma kuwakata mbele. Watu wakaruka majini. Nilikuwa nimeshasoma kwamba watafiti waliofanya kazi Kizimkazi waligundua kuwa boti zikiwepo, pomboo hupumzika na kula kidogo, huku wakisafiri zaidi. Nilijua pia kwamba wale wanaokaa maeneo haya hawazidi mamia machache, na kwamba nyavu za jarife huwanasa kila mwaka. Na bado picha yangu ilipotoka na ukungu, nikamwambia nahodha, "Mzee, wakaribie tena kidogo." Akanitazama, akageuza usukani. Mimi ndiye niliyekuwa nalipa.

Aprili 2006, zaidi ya pomboo 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi, kaskazini mwa kisiwa. Waliochunguza mizoga walikuta matumbo karibu matupu, na chanzo hakikuthibitishwa. Dunia nzima ilisikitika siku ile, kwa sababu vifo 400 vya siku moja vinaonekana. Mama anayekosa nafasi ya kumnyonyesha mtoto wake kwa kukimbia boti haingii kwenye habari.

Tumebadilisha matumizi, wasomaji, tabia ni ile ile. Jana tulimfukuza kwa ajili ya nyama, leo kwa ajili ya picha. Kizimkazi walishaweza kuweka chusa chini ndani ya kizazi kimoja, kwa hiyo kupunguza mwendo wa injini hakuwezi kuwashinda. Lakini lazima mteja naye akubali kurudi bila picha.

Ya kwangu yenye ukungu nimeifuta. Wewe ungemwambia nini yule mzee? Tuonane wiki ijayo.