Bwana wa Bahari Aliyefia Mashuani

Msomaji wa Kiswahili aliyepata kuisoma tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, kwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka kwanza mwaka 1963, atakumbuka kwamba Caesar, alipokwisha kuchomwa majambia, alianguka chini ya sanamu ya Pompeius. Walakini ni wachache waulizao huyo Pompeius alikuwa nani, na kwa sababu gani wazee wa Seneti siku ile walikuwa wamekutana katika jumba lake.

Gnaeus Pompeius alizaliwa mwaka 106 K.K., mwana wa jemadari tajiri wa nchi ya Picenum. Mwaka 83 K.K., hajatimiza umri wa miaka 24, wala hana cheo hata kimoja cha serikali, alikusanya lejioni tatu kutoka kwa watu wa baba yake, akaziongoza kwenda kumnusuru jemadari Sulla katika vita vya Warumi wao kwa wao. Sheria ya Roma iliamuru ngazi za madaraka zipandwe moja baada ya moja, kwa umri na kwa zamu; Pompeius aliziruka zote, hata alipoingia katika Seneti, mwaka 70 K.K., aliingia akiwa tayari konsuli, yaani mmoja wa wale wakuu wawili wa dola waliochaguliwa kila mwaka. Maadui zake walimwita kijana mchinjaji. Wafuasi wake walimwita Magnus, maana yake Mkuu, na lakabu hiyo ndiyo iliyodumu.

Zama hizo maharamia, ambao wengi wao walijificha katika ghuba za Kilikia, walikuwa wameitamalaki Bahari ya Kati hata marikebu za ngano zikawa haziwezi kuifikia Roma kwa salama. Mwaka 67 K.K., kwa sheria aliyoileta mwanasiasa Gabinius, na ijapokuwa wakuu wengi wa Seneti waliipinga, Pompeius alipewa mamlaka juu ya bahari yote na pwani zake, kiasi cha maili 50 za Kirumi kuingia bara. Na inasimuliwa kwamba bei ya chakula ilishuka mara tu alipoteuliwa, kabla tanga halijatwekwa. Aliigawa bahari mafungu 13, kila fungu akalipa amiri wake, akaufagia upande wa magharibi kwa siku 40, na miezi mitatu haikupita ila kazi yote ilikuwa imekwisha. Tena, mateka wengi hakuwaua, bali aliwapa ardhi ya kulima na kuwakalisha katika miji iliyohamwa, kama vile Soli, kwani alitambua kwamba mwenye shamba hana haja ya kuvizia jahazi la mwenziwe.

Mwaka uliofuata alipewa vita vya Mfalme Mithridates wa Ponto, akamshinda. Akaifanya Shamu kuwa jimbo la Roma, na mwaka 63 K.K. akaingia Baitulmakadisi hata ndani ya patakatifu pa Hekalu, asiiguse hazina yake. Aliporejea Italia alilivunja jeshi lake kwa hiari. Lakini Seneti, kwa husuda, ilikawia kuyathibitisha aliyoyatengeneza mashariki na kuwapa askari wake mashamba. Ndipo alipofungamana na Caesar na tajiri Crassus, akamwoa Julia, binti Caesar. Julia alipofariki mwaka 54 K.K., na Crassus alipouawa na Waparthi mwaka uliofuata, kilichobaki baina ya wawili wale kilikuwa ni shaka tupu.

Caesar alipouvuka mto Rubicon mwaka 49 K.K., wazee wale wale waliokuwa wakimhusudu Pompeius walimkimbilia awalinde, na mtu aliyepanda kwa kuziruka sheria akajikuta ndiye mlinzi wa sheria hizo hizo. Huko Pharsalus, katika Uyunani, mwaka 48 K.K., rai yake ilikuwa kumshinda hasimu kwa njaa, si kwa upanga. Lakini wazee waliokuwa kambini walimhimiza na kumsuta, naye akawaridhia, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Jeshi lake, lililokuwa kubwa kuliko la Caesar, lilivunjika kwa siku moja.

Alikimbilia Misri, kwa mfalme mtoto ambaye baba yake alipata kufadhiliwa naye. Washauri wa mfalme walipeleka mashua ndogo kumlaki, na ndani yake alikuwamo Septimius, aliyewahi kuwa askari wake. Na kabla hajakanyaga pwani walimchoma na kumkata kichwa, mkewe Cornelia akitazama kutoka merikebuni. Mtumwa wake aliyempa uhuru, Philippus, aliuosha mwili usio kichwa kwa maji ya bahari, akaokota mbao za mashua kuukuu ya mvuvi, akauteketeza kwa desturi ya Warumi. Mtu aliyepata kuandaliwa marikebu 500 hakupata, kwa safari ya mwisho, ila mbao zilizooza.

Miaka minne haikutimia, Caesar naye akaangukia chini ya ile sanamu. Waliomuua walidhani wameirudisha sheria ya Roma. Kumbe sheria hiyo ilikuwa imekunjwa mara nyingi mno kwa ajili ya mtu mmoja mwenye manufaa, hata haikuwa na unyofu uliosalia wa kumzuia wa pili, wala wa tatu.