Kifafa cha Mimba: Safari Ndefu ya Kupata Dawa

Leo tutarudi nyuma katika historia, tuone jinsi madaktari walivyojifunza kumwokoa mama anayepatwa na kifafa cha mimba.

Labda umewahi kuliona jambo hili kijijini. Mama ana mimba kubwa, analalamika kichwa, uso umevimba. Ghafla anaanguka, mwili unakakamaa na kutetemeka. Majirani wanasema ni pepo, wengine wanasema amerogwa. Hata Ulaya, ugonjwa huu uliwatatiza madaktari kwa karne nyingi. Walikuwa wakimtoa mgonjwa damu wakidhani wanamsaidia.

Mwanga ulianza kuonekana mwaka 1843. Huko London, daktari John Lever alipasha moto mkojo wa akina mama waliopatwa na kifafa hiki, akakuta una protini nyingi. Mwaka 1896, Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza kipimo cha presha kinachofungwa mkononi. Baada ya hapo ikajulikana kwamba mara nyingi ugonjwa hubisha hodi kabla ya kuingia: presha hupanda na protini huonekana katika mkojo. Ndiyo sababu muuguzi wa kliniki hukupima vitu hivyo viwili hadi leo.

Lakini mama akigunduliwa mapema, alazwe wapi? Zamani hospitali za uzazi zilipokea wenye uchungu tu. Mwaka 1901, kwa juhudi za daktari J. W. Ballantyne, hospitali ya uzazi ya Edinburgh, Scotland, ilitenga kitanda cha wajawazito wagonjwa. Kilikuwa kitanda kimoja tu! Kutokana na mwanzo huo mdogo zilikua kliniki na wodi za mimba zenye hatari.

Tatizo la dawa lilibaki. Mapema katika karne ya 20, madaktari wa Ujerumani na Marekani walianza kutumia sindano ya magnesiamu salfeti. Hiyo ni ile chumvi ya haluli ambayo watu walikunywa ili kusafisha tumbo. Wengine waliidharau, wakapendelea dawa za usingizi na za kifafa cha kawaida. Kila mmoja alitetea dawa yake, na akina mama wakaendelea kufa.

Mnamo Februari 1987, hapa kwetu Nairobi, wajumbe wa mataifa mbalimbali walikutana na kuanzisha mpango wa uzazi salama duniani. Kifo cha mama mjamzito kikaacha kuwa siri ya familia, kikawa deni la serikali.

Jibu kuhusu dawa lilipatikana mwaka 1995. Wanawake 1,687 wenye kifafa cha mimba, wakiwemo wa Uganda, Zimbabwe, Ghana na India, walishiriki katika utafiti mmoja. Waliopewa magnesiamu walirudiwa na kifafa kwa kiasi cha nusu tu ya waliopewa diazepamu. Mwaka 2002, utafiti mwingine wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba sindano hiyo, ikitolewa kabla mama hajaanguka, hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Dawa ya bei nafuu ilikuwapo miaka yote hiyo, ikingoja kuaminiwa.

Mama, usiinunue haluli dukani ukanywa. Dawa hii hutolewa hospitalini, maana ikizidi huweza kuzuia pumzi. Wauguzi huangalia kupumua kwako, mkojo wako na jinsi goti linavyoruka likigongwa.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mimba ya kwanza, mimba ya mapacha, mama mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo, na aliyewahi kupatwa na ugonjwa huu. Mweleze muuguzi mapema. Daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya kiwango kidogo, lakini usijiandikie mwenyewe. Ukiambiwa uende hospitali kubwa, usione umefukuzwa. Umeelekezwa mahali penye wataalamu.

Nenda hospitali mara moja ukiona dalili hizi:
- kichwa kinauma sana na hakiachi;
- macho yanaona ukungu au vimulimuli;
- uso na mikono inavimba ghafla;
- maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu.

Hata baada ya kujifungua, jihadhari, kwa maana kifafa hiki huweza kuja siku za mwanzo.

Nawe baba, mama mkwe au jirani, ukimkuta ameanguka, mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mtafute gari haraka. Ya pepo yatazungumzwa baadaye, mama akiwa hai.