Malumbano ya Mvita na Amu: Muyaka na Zahidi Mngumi

Mvita na Amu zilirushiana beti kabla ya kurushiana risasi. Mapema katika karne ya 19, Muyaka bin Haji alikuwa msemaji wa Mombasa iliyotawaliwa na Mazrui; Bwana Zahidi Mngumi alikuwa kiongozi wa Lamu na mshairi wake. Walijibizana kwa desturi ya pwani, ambayo humtaka mjibuji aivunje hoja ya mwenziwe pasi na kuvunja mizani wala vina. Wengi wamehukumu kuwa Muyaka ndiye aliyekuwa bora. Hukumu hiyo yafaa kupimwa.

Nguvu ya Muyaka ni upana. Shairi la mishororo minne, lenye mizani 16 kwa kila mshororo, alilitumia kusemea vita, mapenzi, ugomvi wa nyumbani na hekima ya maisha. Kwa hiyo alipowatisha watu wa Lamu, aliwatisha kwa sauti iliyozoeleka sokoni na barazani. Udhaifu wake umo katika fumbo. Beti zake nyingi zategemea kisa fulani, na kisa kikisahauliwa, maana nayo huingia giza. Tena majigambo yake yaliitangulia nguvu ya jeshi: yapata 1812, majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya huko Shela.

Mngumi, kwa upande wake, alikuwa na sifa ambayo Muyaka hakuwa nayo: aliyetunga ndiye aliyeamua. Onyo lake halikuwa pambo la maneno, bali lilikuwa kauli ya mji. Lakini uwanja wake ni mwembamba, kwani tungo zake zilizosalia zahusu zaidi siasa na vita. Hata ushindi aliousifu ulikuwa na gharama. Baada ya Shela, Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na uhuru uliopiganiwa ukapungua. Mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwa mtawala huyo huyo. Muyaka alipofariki, yapata 1840, hapakuwa na mshindi kati ya miji hiyo miwili.

Lipo jambo jingine lisilohusu ufundi. Tungo za Muyaka zilikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua, akisaidiana na W. E. Taylor, kisha William Hichens akazichapisha mwaka 1940 katika *Diwani ya Muyaka*. Mngumi hakupata hifadhi ya namna hiyo. Mizani ya wahakiki imewekewa diwani nzima upande mmoja, na beti chache upande wa pili.

Basi upana wa Muyaka umethibitika, wala hauna mshindani. Lakini ubora wake katika malumbano yenyewe haujathibitika. Anayesoma upande mmoja wa majibizano amesoma nusu ya kesi, na nusu ya kesi haitoi hukumu.