Kijana wa Porbandar Ugenini London



Kila mwaka vijana wetu huvuka bahari kwenda kusoma vyuo vikuu, nasi wazee tukabaki na hofu moja: je, watarudi na dini yao? Majirani zetu Waislamu na Wakristo wanaijua hofu hiyo. Wala si mpya.

Septemba 4, 1888, kabla hajatimiza miaka 19, Mohandas Gandhi wa Porbandar alipanda meli Bombay kwenda London kusomea sheria. Wazee wa tabaka lake mjini Bombay walimkataza, wakidai kwamba kuvuka bahari ni kuvunja dini. Aliposhikilia nia yake walimtenga, wakatangaza faini ya rupia moja na ana nne kwa yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini. Mama yake, Putlibai, alimruhusu baada ya kumwapisha kwamba hatagusa pombe, mwanamke wala nyama.

Kiapo hicho kilimletea njaa. Mboga alizopewa zilichemshwa bila chumvi wala viungo, na rafiki yake alimsihi ale nyama. Alizunguka mitaani akitafuta pa kula hata akaufikia mkahawa wa wasiokula nyama katika mtaa wa Farringdon. Hapo alinunua kitabu cha Henry Salt; alipokisoma, aliacha nyama kwa hiari yake, si kwa ajili ya kiapo pekee.

Lakini lipo la kuzingatiwa zaidi. Mwaka wake wa pili ulipokaribia kwisha, watu wawili waliokuwa wakisoma Bhagavad Gita katika tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold walimwalika asome nao. Aliona haya, kwani hakuwa ameisoma kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati. Kitabu cha kwao alikijulia ugenini.

Basi bahari haikumpokonya dini. Upungufu ulikuwapo kabla ya safari, na wale wazee waliotoza faini hawakuuona.

Alipata uwakili Juni 10, 1891. Mwaka 1893, akielekea Afrika Kusini, meli yake ilitua Lamu, Mombasa na Zanzibar, pwani ile ile iliyowapokea babu zetu.

Kwa hiyo, tunapoadhimisha siku hii ya hekalu letu, tusiwazuie watoto kusafiri. Tusome nao maandiko kwa lugha wanayoielewa, iwe Kigujarati, Kiswahili au Kiingereza, wakiwa bado nyumbani, ili watakapoulizwa na wageni wawe na la kujibu.