Kichujio cha vena kava
Kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni, ili kunasa mabonge ya damu yasifike mapafuni. Awali wapasuaji waliufunga mshipa wenyewe, na miguu ya wagonjwa wengi ikavimba. Kichujio cha umbo la mwavuli cha daktari Kazi Mobin-Uddin, kilichotangazwa 1967, kilinasa mabonge lakini mara nyingi mshipa uliziba. Koni ya miguu sita ya Lazar Greenfield na mhandisi Garman Kimmell, ya 1973, iliacha damu ipite: hatua kubwa kweli. Kwa mgonjwa mwenye mabonge hayo kutoka mitaa ya Kibera au Kawangware jijini Nairobi anayefikishwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, tiba ya kwanza ni dawa za kuzuia damu kuganda; kichujio humfaa asiyeweza kuzitumia. Kile cha muda sharti kitolewe hatari ikipita.