Walioiingiza Sinema Nyumbani Pwani ni Wanawake

Mwenye kujenga nyumba leo huko Mnarani, kwenye ukingo wa kusini wa hori ya Kilifi, akikaa na msanifu wake haishangazi kumsikia akiomba chumba cha sinema. Anataka skrini ya kujaa ukuta, spika pande zote, viti vya kuegemea na mlango unaofungika ili watoto wasije wakapiga kelele. Wengi huliona jambo hili kuwa mtindo mpya ulioletwa na fedha za Nairobi au mazoea ya Dubai. Ukiifuata historia ya picha katika mwambao huu, utakuta hali nyingine. Chumba hicho kilikuwapo kabla ya spika za kisasa, na walioanza kukitumia kwa kazi hiyo hawakuwa matajiri. Walikuwa wanawake na mabinti, na kifaa chao kilikuwa mashine ya vidio.

Nyumba iliyotangulia picha

Mnarani yenyewe ni mji wa kale. Magofu yake, yanayotunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yana msikiti mkubwa na kaburi lenye mnara mrefu. Mji huo ulistawi tangu karne ya 14 hadi ulipohamwa mnamo karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman aliyafukua magofu hayo miaka ya 1950, baada ya kuanza kazi kama hiyo Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948.

Kwa kuwa kilichosalia Mnarani zaidi ni misikiti na makaburi, anayetaka kuona nyumba aende Gede, mji uliotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Nyumba zake zina uwanja mdogo mbele, kisha chumba kirefu cha kupokelea wageni, na nyuma yake vyumba vya kulala na ghala. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake unakaribia nusu mita. Ukutani mna zidaka za kuwekea taa, na pia vitundu vya vigingi ambavyo Kirkman aliona vilitumika kutundikia mazulia.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati nasibu. Kadiri ulivyoingia ndani ndivyo mwanga ulivyopungua na ndivyo chumba kilivyozidi kuwa cha watu wa nyumbani, hasa wanawake. Mgeni wa kiume aliishia barazani au dakani. Huko ndani kulikuwa na kiza, ubaridi na utulivu mchana kutwa. Anayejenga chumba cha sinema leo hutumia fedha nyingi kuvipata vitu hivyo vitatu.

Picha za uwanjani na za mjini

Ndugu Lumière walipowaonyesha watu wa Paris picha zinazotembea tarehe 28 Desemba 1895, sinema ilianza kama tamasha la kulipia kiingilio. Vifaa vya kuonea nyumbani vilifuata baadaye: kampuni ya Pathé ilitoa projekta ndogo ya Pathé-Baby mwaka 1922, na Kodak ikaleta filamu ya milimita 16 mwaka uliofuata. Hivyo vilikuwa vitu vya wenye uwezo.

Kwa mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki, picha ilikuja na gari. Kati ya 1935 na 1937 serikali za kikoloni ziliunga mkono mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika Milima ya Usambara, Tanganyika. Lori lake lilizunguka likionyesha filamu za kilimo, afya na uwekaji akiba. Mtindo huo haukufa na ukoloni. Katika vijiji vya Kenya gari la matangazo lilipita mchana likipaaza sauti kuwa kuna sinema leo, na usiku watu wakajaa katika uwanja wa shule au wa mpira. Shuka jeupe lilitundikwa na jenereta likanguruma. Kati ya filamu moja na nyingine yakaja matangazo ya sabuni na dawa. Katika vijiji vya Wamijikenda vinavyoizunguka Kilifi, ambako nyumba zilikuwa za fito, udongo na makuti, ukumbi wa sinema ulikuwa mbingu.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Mombasa, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mnarani, ilikuwa na majumba kama Regal, Naaz na Kenya Cinema. Zanzibar ilikuwa na yake tangu miaka ya 1920. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema za Tanzania, anaeleza jinsi filamu za Kihindi zilivyopendwa na watu wa kila kabila, na jinsi Awaara ya mwaka 1951, iliyoigizwa na Raj Kapoor na Nargis, ilivyowateka watazamaji.

Jambo moja katika historia hiyo ndilo linalotuhusu hapa. Mwanamke wa Kiislamu wa mjini hakuweza kuingia sinema wakati wowote kama mumewe au kaka yake. Wenye majumba ya sinema waliliona soko hilo, wakaweka maonyesho ya wanawake peke yao. Siku hiyo mabuibui yalijaa milangoni, na ndani mama, shangazi na mabinti walilia na kucheka pamoja kwa saa karibu tatu. Watazamaji hao walikuwa na kiu kubwa kuliko nafasi waliyopewa.

Vidio yafika sebuleni

Televisheni ilianza kurusha matangazo Kenya mwaka 1962, na kituo cha Mombasa kikafunguliwa mwaka 1970. Hapo ndipo chumba cha kukaa kilipopata kitovu kipya. Runinga ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango ya kusukuma, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na viti vyote vikageuzwa kuielekea. Jirani asiye na runinga alikuja kutazama vipindi vya vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, na watoto wakakaa mkekani mbele. Hata hivyo mtazamaji hakuwa na mamlaka. Aliona kile kilichorushwa, saa iliyopangwa na mkubwa wa stesheni.

Mamlaka yalikuja na kanda. Sony ilileta Betamax mwaka 1975 na JVC ikaleta VHS mwaka 1976. Kufikia miaka ya 1980 mashine za vidio zilikuwa zimeingia katika nyumba za mwambao, nyingine zikiletwa na jamaa waliofanya kazi Uarabuni. Mwanaanthropolojia Minou Fuglesang, aliyefanya utafiti Lamu katika miaka hiyo, alitoa mwaka 1994 kitabu kiitwacho Veils and Videos kuhusu maisha ya wasichana wa mji huo. Alichokikuta ni kwamba mabinti walikusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi, wakajadili mapenzi, ndoa na mavazi, na mitindo waliyoiona wakaipeleka kwa fundi cherehani. Picha ilikuwa imeingia ndani kabisa, mahali ambapo adabu ya nyumba ya Mswahili ilikwisha kumtengea mwanamke.

Vidio ililingana na nyumba kwa namna ambayo jumba la sinema halikuweza. Ilikuwa na kitufe cha kusimamisha: adhana ikilia picha inangoja, mtoto akiamka picha inangoja, chungu kikichemka picha inangoja. Wimbo mzuri ulirudishwa nyuma na kutazamwa tena. Kwa kuwa filamu ya Kihindi ni ndefu, vikao viliwekwa vya kustahimilika: magodoro yaliteremshwa sakafuni, mito ikaegemezwa ukutani na busati likatandikwa. Mapazia yalishushwa ili mwanga usiharibu picha na mpita njia asichungulie. Hapo, kwa kila maana ya maneno hayo, palikuwa na chumba cha sinema cha nyumbani.

Vibanda na mpira

Wanaume na vijana walishika njia nyingine. Wao walikwenda kwenye vibanda vya vidio vya mabati au makuti, wakaketi kwenye mabenchi na kutazama filamu za ngumi za Hong Kong na za vita za Marekani. Huko Tanzania, Lufufu alijipatia jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na huku Kenya, DJ Afro akawa maarufu kwa kazi hiyo. Tangu miaka ya 1990 televisheni ya setilaiti ilileta mpira wa Ulaya, na kibanda kikageuka uwanja wa Arsenal na Manchester United. Mahali ambapo nyaya za umeme hazikufika, runinga ndogo nyeusi na nyeupe ya Greatwall ilitumia betri ya gari.

Ubishi wa kibandani una utamu wake, lakini kibanda hakikutufundisha lolote kuhusu chumba. Sauti iliumiza, joto lilichosha, na aliyekaa nyuma aliona visogo. Baadaye diski, kisha intaneti, zikaipunguza biashara hiyo, kama ambavyo vidio ilikuwa imezimaliza nguvu sinema nyingi za katikati ya Mombasa. Picha sasa imerudi nyumbani, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Anachopaswa kujua anayejenga

Kwanza ni vipimo. Kanuni moja inayotumiwa na wataalamu ni kuzidisha urefu wa skrini, kutoka pembe hadi pembe ya mshazari, kwa 1.6 ili kupata umbali wa kukaa. Skrini ya inchi 65 ina sentimita 165, kwa hiyo mtazamaji akae mita 2.6 hivi. Umbali huo unatosha ndani ya upana wa chumba cha Gede. Huna haja ya ukumbi mkubwa. Chumba chembamba, skrini kwenye ukuta mmoja mrefu na vikao kwenye ukuta wa pili, kinatosha familia nzima.

Pili ni sauti, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mawe ya timbo yaliyopigwa lipu, sakafu ya vigae na dari ya zege vyote huirudisha sauti, hata maneno ya filamu yakavurugika. Mwaka 1895, mwaka uleule wa maonyesho ya Lumière, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi ambamo neno moja lilivuma kwa zaidi ya sekunde 5. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaipanga na kupima. Aligundua kwamba kila mto ulioongezwa ulipunguza mwangwi, na kutokana na hesabu zake ikazaliwa elimu ya sauti za kumbi. Magodoro, mabusati na mapazia ya mabinti wa Lamu yalifanya kazi hiyohiyo bila hesabu, kama mazulia yaliyotundikwa Gede karne nyingi kabla. Zidaka nazo, au rafu ya vitabu, huivunja sauti isigonge ukuta mtupu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza spika, ongeza vitambaa.

Paa nalo lina neno. Makuti humeza sauti vizuri lakini hayaizuii kutoka, kwa hiyo jirani atasikia kila kitu. Mabati bila dari nzito huizima sauti ya filamu yako mvua za masika zikianza.

Tatu ni hewa ya bahari. Chumvi hula viungo vya vyuma vya vifaa, na unyevunyevu huotesha ukungu juu ya lenzi ya projekta na juu ya viti vya ngozi. Acha nafasi ya hewa nyuma ya mashine, usizibane ukutani. Chagua vikao vya mbao na pamba vinavyoweza kuanikwa juani. Umeme wa mwambao ukikatika hurudi kwa kishindo, na kifaa cha kulinda runinga ni bei rahisi kuliko runinga mpya.

Nne ni sheria. Chumba cha familia ni chako, lakini ukianza kuwatoza majirani kiingilio siku ya mpira umefungua onyesho la hadhara, na hapo huenda ukahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya.

La mwisho ni vikao vyenyewe. Viti vikubwa vya kuegemea, kila mtu na chake na mahali pake pa kikombe, viliigwa kutoka majumba ya sinema ya ng'ambo, na katika chumba cha mita 3 hula nafasi yote. Mtindo wa majlisi, wenye magodoro ya chini mbele na baraza ya kujengwa nyuma yenye mito, huwaketisha watu wengi zaidi, hauzuii macho ya aliye nyuma na hunywa mwangwi. Tena bei yake ni ya fundi wa hapo Kilifi.

Basi wewe unayechora ramani yako Mnarani, usianze na orodha ya vifaa vya dukani. Kaa kwanza na mama yako, shangazi zako na dada zako waliotazama vidio katika miaka ya 1980, uwaulize walikaa vipi, walifunika nini dirishani na sauti waliisikia vizuri wakiwa wapi. Watakupa ushauri ambao msanifu angekutoza, nao wanastahili kutengewa mahali pazuri katika chumba hicho.